Injini kubwa za petroli zinatoweka kwenye magari mapya: niwahi V8 ya mwisho au nikubali V6 yenye turbo?

Mpita Kitonga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu kabla sijaagiza gari. Ninasafirisha wageni kati ya Dar es Salaam na Mbeya, kwa hiyo gari langu hupanda mlima mkali wa Kitonga likiwa limejaa watu na mizigo, na kwa miaka mingi nimeamini kwamba kazi ya namna hiyo inataka injini kubwa ya petroli isiyo na turbo, yaani feni inayoshindilia hewa ndani ya injini. Nilipoanza kupitia matangazo ya Land Cruiser kutoka Japani ndipo nilipogundua kwamba shangingi ninalolitafuta limeshafika mwisho wake. Toleo la 200, ambalo Wajapani waliuziwa likiwa na V8 (injini ya silinda nane) ya petroli ya lita 4.6, lilikoma mwaka 2021, na toleo la 300 lililoshika nafasi yake halina V8 ya aina yoyote. Injini ya petroli inayouzwa kule ni V6 (silinda sita) ya lita 3.4 yenye turbo mbili. Nissan Patrol nayo, iliyojipatia sifa kwa V8 ya lita 5.6, ilizinduliwa upya mwaka 2024 ikiwa na V6 ya lita 3.5, nayo ya turbo mbili. Hata Mark X, ambayo kwa mizani ya mashangingi ni gari dogo lakini angalau lilikuwa na silinda sita, iliacha kutengenezwa mwishoni mwa 2019.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, huku ni kuondoka kweli kwa injini kubwa za petroli, au ni upepo wa miaka michache utakaopita na V8 zikarudi? Pili, kwa mtu kama mimi anayenunua gari lililotumika na kulitunza mpaka lizeeke, ni busara kuwahi V8 zilizobaki sokoni, au nikubali V6 hii ambayo mafundi wengi ninaowafahamu hawajawahi kuifungua? Hoja za dizeli nazijua, na ningeomba tubaki kwenye petroli.

Fundi wa Gerezani alijibu:

Mkuu, nitaanza na nguvu, kwa sababu hapo ndipo wateja wangu wengi wanapobishana bila kuangalia takwimu. V8 ya lita 4.6 uliyoitaja hutoa nguvu za farasi 318 na msokoto (nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm) wa Nm 460, lakini msokoto huo haufiki kileleni mpaka injini izunguke mara 3,400 kwa dakika. V6 ya lita 3.4 hutoa nguvu za farasi 415 na Nm 650, na hizo Nm 650 unazipata kuanzia mizunguko 2,000. Maana yake ni kwamba ukiwa Kitonga nyuma ya lori la mafuta, pale ambapo V8 italazimika kushusha gia mbili na kunguruma, V6 itaendelea kupanda kwa utulivu kana kwamba haijabeba mtu. Uzingatie pia kwamba safari yako inaanzia usawa wa bahari na kuishia kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700. Injini inayojivutia hewa yenyewe hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, ilhali turbo huishindilia hewa hiyo na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Kwa hiyo kama hoja ya kutaka V8 ni mlima, hoja hiyo imeshindwa.

Sababu ya watengenezaji kuikimbia injini kubwa iko mahali pengine, yaani kwenye barabara tambarare. Shangingi likitembea kilomita 80 kwa saa halihitaji hata sehemu moja ya kumi ya nguvu ambazo V8 inaweza kuzitoa. Wakati huo kilango cha hewa kinakuwa kimekaribia kufungwa, na pistoni nane zinahangaika kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo, kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Mafuta yanachomwa kwa ajili ya kuihangaisha injini yenyewe, kuzungusha kranki nzito na kufungua valvu 32, si kwa ajili ya kulisukuma gari. Injini ndogo yenye turbo, katika mwendo huohuo, inafanya kazi kilango kikiwa wazi zaidi na ikiwa na vitu vichache vya kusuguana, ndiyo maana hutumia mafuta kidogo. Lakini sharti ni hilo la mwendo mpole. Ukiikanyaga turbo mlima mzima ukiwa na mzigo, itadai petroli kwa wingi, kwa kuwa hewa nyingi iliyoshindiliwa lazima ichanganywe na mafuta mengi, na mengine huongezwa kwa ajili ya kuipoza tu. Mteja aliyeahidiwa kwamba V6 "inanusa tu mafuta" akienda Mbeya na mzigo atarudi na malalamiko.

Sasa tuje kwenye uzee, ambao nadhani ndio swali lako la kweli. Injini kubwa isiyo na turbo hudumu kwa sababu inaishi maisha mepesi: kila silinda inafanya kazi chini ya uwezo wake, joto si kali, na vipuri vyake vimesambaa. V8 ya zamani ya lita 4.7, ile yenye bloku la chuma cha kusubu, ninaipokea gereji ikiwa imetembea umbali ambao magari mengine huwa yameshauzwa kwa vipande, na mara nyingi inahitaji tu mkanda wa taimingi, pampu ya maji na gasketi. Turbo, kwa upande wake, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku upande mmoja ukipigwa na moshi wa moto, na kinachoiweka hai ni tabaka jembamba la oili safi. Hapo ndipo desturi zetu zinapoumbuka. Mtu ananunua gari linalotaka oili nyepesi ya daraja maalumu, kisha anajaziwa 20W-50 ya dumu kwa sababu ndiyo "nzito na imara", anachelewesha kuibadilisha, halafu anazima injini ghafla baada ya kupanda mlima. Turbo ikifa, lawama anapewa mtengenezaji.

Jibu langu fupi ni kwamba V6 ni injini bora katika mikono inayojali, na V8 ni injini inayosamehe.

Mswahili wa Matrah alijibu:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaishi Oman, na ukanda huu wa Ghuba ndio ulikuwa ngome ya petroli kubwa, kwa hiyo niruhusuni nieleze mambo yanavyoonekana kutoka huku.

Watu wengi walidhani kwamba Ulaya na Japani zikiacha V8, Ghuba ingebaki nazo peke yake, kwa kuwa mafuta ni ya nyumbani na jangwa linataka nguvu. Haikuwa hivyo. Oman iliondoa ruzuku ya mafuta ya magari mwanzoni mwa 2016, bei ikaanza kutangazwa kila mwezi, na tangu hapo hata baba mwenye nyumba kubwa anauliza gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Patrol mpya yenyewe ilizinduliwa Abu Dhabi, mbele ya wateja walewale walioipenda V8, na Nissan haikuwaficha kwamba lita 5.6 zimekwisha. Ile V8 ilikuwa na nguvu za farasi 400 na Nm 560. V6 iliyoirithi ina nguvu za farasi 425 na Nm 700. Vijana wanaopandisha magari kwenye vilima vya mchanga walinung'unika kuhusu mlio kwa msimu mmoja, kisha wakaanza kuzinunua.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo Mpita Kitonga hakulitaja na ambalo naliona lina uzito zaidi kwake kuliko habari za turbo. Huku Ghuba, Land Cruiser 300 iliuzwa pia na V6 ya lita 4.0 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi zipatazo 270, na Patrol mpya ina chaguo la V6 ya lita 3.8 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 316. Haya ni magari ya ngazi ya chini katika orodha, lakini ndiyo yanayopendwa na watu wenye kazi ngumu na mashamba ya mbali, kwa sababu hayana kitu cha kubembeleza. Kwa hiyo si kweli kwamba uchaguzi umebaki kati ya V8 inayokufa na V6 yenye turbo mbili. Kilichokufa ni ile injini ya silinda nane kwenye gari la familia. Injini ya petroli ya ukubwa wa kati inayojivutia hewa yenyewe bado iko hai, angalau kwenye masoko yenye joto na vumbi. Tatizo lako ni kwamba magari ya huku yana usukani kushoto, na hapo namwachia anayejua mambo ya bandarini.

Wakala Kilindini alijibu:

Nimeitwa, basi nimefika. Natoa magari bandarini Mombasa, na suala la usukani kushoto kwa Kenya halina mjadala: gari la kawaida la abiria la namna hiyo haliingii.

Ningependa kuzungumzia umri na ushuru, kwa maana vitu hivi viwili vinaamua mengi kuliko farasi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na kwa hesabu inayotumika, gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2021 litaweza kuingia mpaka mwisho wa 2028. Kwa hiyo V8 ya petroli ya toleo la 200 kutoka Japani ina tarehe ya kuaga ambayo tunaijua. Baada ya hapo, wanaozitaka watauziana zile zilizomo nchini tayari, na bei itategemea nani anazitunza. Tanzania haina ukomo wa namna hiyo, lakini inaongeza ushuru wa bidhaa kwa gari lililopita miaka minane, na kuuongeza zaidi likipita kumi, kwa hiyo anayesubiri V8 ishuke bei Japani anaweza kukuta kile alichookoa kule kimelipwa huku.

Kuhusu ukubwa wa injini, Wakenya wengi wanadhani kwamba V6 ya lita 3.4 itawapunguzia ushuru. Haipunguzi. Mstari wa juu wa ushuru wa bidhaa kwa petroli unaanzia cc 3,000, ambapo kiwango ni asilimia 35, na V6 hii ina cc 3,445. Iko upande uleule na V8. Gari linalovuka mstari kwenda upande wa nafuu, kwenye asilimia 25, ni Prado ya petroli ya lita 2.7. Tanzania mstari wake wa mwisho uko cc 2,000, kwa hiyo lita 2.7, lita 4.6 na lita 5.7 zinakutana kwenye kiwango kimoja, ingawa bei ya gari lenyewe ndiyo inayoleta tofauti ya fedha. Nimewaona wateja wakihangaika kuchagua injini kwa sababu ya ushuru ambao kiwango chake hakibadiliki. Japani wenyewe kodi ya kila mwaka ya gari hupanda kwa ngazi nyingi kulingana na cc, ndiyo maana mwenye V8 kule huitoa sokoni mapema na sisi tunaipata ikiwa bado mbichi.

Mpita Kitonga aliongeza:

Nawashukuru sana. Kaka Wakala, hilo la cc 2,000 sikuwa nimelifikiria kabisa. Lakini swali langu la kwanza bado halijajibiwa. Nimesoma kwamba Wamarekani waliiondoa V8 kwenye gari moja la mizigo, kisha wakairudisha. Kama wao wanarudi nyuma, tutajuaje kwamba na Wajapani hawatarudi?

Msomaji wa Minnesota alijibu:

Ndugu Mpita Kitonga, gari unalolisema ni Ram 1500. Kwa modeli ya 2025 kampuni iliondoa V8 ya Hemi ya lita 5.7 na kuweka injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ya lita 3.0 yenye turbo mbili. Wanunuzi walilalamika sana, na katikati ya 2025 ikatangazwa kwamba Hemi inarudi kwa modeli ya 2026. Tazama lakini namna ilivyorudi: ina nguvu za farasi 395, wakati ile ya silinda sita, hata katika toleo lake la kawaida, ina 420, na anayeitaka V8 anaongeza dola 1,200. Mtu analipa zaidi ili apate nguvu pungufu. Huo ni upendo wa mlio, na simcheki mwenye nao, ila injini inayouzwa kwa mlio imeshaacha kuwa injini ya kazi.

Umeuliza kama ni upepo. Upepo wa kweli ulikuwa wa miaka ya 1970. Mwaka 1970 Cadillac Eldorado ilitoka na V8 ya lita 8.2 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 400. Kufikia 1976 injini hiyohiyo ilitangazwa kuwa na 190, ingawa sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kubadilika kwa namna ya kupima. Katikati ya hapo palikuwa na mgogoro wa mafuta wa 1973, sheria za moshi, na sheria ya 1975 iliyowalazimisha watengenezaji kutimiza wastani wa matumizi ya mafuta kwa magari yao yote. Mafuta yaliposhuka bei baadaye, injini kubwa zilirudi kwa kishindo, hasa kwenye magari ya mizigo na mashangingi, kwa sababu wakati ule hapakuwa na kitu kingine cha kufanya kazi yao. Injini ndogo za miaka ile zilikuwa dhaifu kweli.

Safari hii mbadala hauna udhaifu huo. Land Cruiser ya mwisho yenye V8 ya lita 5.7 iliyouzwa hapa Marekani, ya mwaka 2021, ilipimwa na serikali kwa wastani wa takribani kilomita 6 kwa lita. Iliyorudi sokoni mwaka 2024, ambayo kwenu mngeiita Prado, ina silinda nne za lita 2.4, turbo na mota ya umeme. Wastani wake ni karibu kilomita 10 kwa lita, na msokoto wake wa Nm 630 unaizidi ile V8 iliyokuwa na Nm 543. Mtengenezaji aliyeshika takwimu hizo mkononi hawezi kushawishika kurudi nyuma kwa sababu tu sheria imelegezwa. Na sheria imelegezwa kweli: mwaka 2025 Marekani iliondoa faini za kuvuka kiwango cha matumizi ya mafuta, na Kamisheni ya Ulaya mwishoni mwa mwaka huohuo ikapendekeza kulegeza lengo la 2035 la magari mapya yasiyotoa hewa ya ukaa kabisa. General Motors nao wametenga dola milioni 888 kwa kiwanda chao cha Tonawanda, New York, ili kitengeneze kizazi kipya cha V8 kuanzia 2027. Kwa hiyo V8 ya petroli haitakufa kesho. Itabaki kwenye magari ya mizigo ya Kimarekani, kwenye Mustang, na kwenye magari ya matajiri wachache, kama Bugatti mpya yenye silinda 16 na lita 8.3.

Ninachokubali ni kwamba kupunguza ukubwa wa injini kunaweza kuvuka mpaka. Mercedes waliitoa V8 ya lita 4.0 kwenye C63, gari lao la kasi, mwaka 2022 na kuweka silinda nne za lita 2.0 pamoja na mota ya umeme. Kwenye karatasi gari lina nguvu za farasi 680. Kwenye mizani lina zaidi ya tani mbili, na wateja wa gari lile walikuwa wakinunua injini kwanza, mengine baadaye. Toyota nao hawakupita salama kabisa: mwaka 2024 waliagiza yarudishwe kwa matengenezo takribani magari 102,000 ya Tundra na Lexus LX, yenye V6 ya familia ileile ya Land Cruiser 300, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yalikuwa yamesalia ndani ya injini na yangeweza kuharibu beringi kuu za kranki. Lile lilikuwa kosa la usafi wa utengenezaji, halikuwa la turbo wala la udogo wa injini, lakini limewapa wapenda V8 hoja kwa miaka kumi ijayo.

Fundi wa Gerezani alijibu:

Nakubaliana na Msomaji, hasa pale aliposema kwamba mabaki ya chuma si kosa la turbo, kwa sababu nimechoka kuisikia hadithi hiyo ikigeuzwa kila siku kijiweni.

Mpita Kitonga, kama fedha ingekuwa yangu na kazi ni hiyo ya wageni, nisingewahi V8 kwa sababu ya kwamba inakwisha. Kitu kinachokwisha hupandishiwa bei na watu wasiokitumia, na wewe gari lako ni la kutafutia riziki. Ningeangalia kwanza Prado ya lita 2.7: ni silinda nne zisizo na turbo, kila fundi kutoka Tunduma mpaka Tanga ameshaifungua, na Toyota bado wanaiweka kwenye Prado mpya ya 250 kule Japani. Inapanda Kitonga polepole, lazima uliseme hilo kwa abiria wako, lakini inapanda. Kama abiria ni wa kulipa vizuri na wanataka gari kubwa, chukua toleo la 200 la mwaka 2018 au 2019 lenye karatasi za matengenezo kutoka Japani, na si lile la bei rahisi lisilo na historia. Toleo la 300 ningelisubiri mpaka uwe na uhakika wa sehemu mbili za kununulia oili sahihi, moja Dar es Salaam na nyingine Mbeya, na fundi mwenye kompyuta ya kusoma injini hiyo.

Kwa gari lolote lenye turbo utakaloliagiza, mwombe muuzaji picha ya ndani ya kifuniko cha oili na rekodi za kubadilisha oili, ukague namba ya chesisi kwa mtengenezaji kama kuna marekebisho ambayo halijafanyiwa, na likifika usiliwashe kwenda safari ndefu kabla oili na filta havijabadilishwa. Nitumie hizo picha hapa ukizipata.